Rudisha Mkanda, Chombo

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na babu yenu anisamehe huko aliko, ni Jumapili moja ya Korogwe, mchana wa jua la kukaangia mayai juu ya bati, siku ambayo mama mkwe aliingia ndani ya banda la video na kukitwaa kipaza sauti cha mkwewe mbele ya kadamnasi. Nitakusimulia, mwanangu, lakini ujue mapema kwamba nasimulia nikiwa nimekasirika. Nimekasirika tangu jana, mpaka chai yangu ilipoa sijaigusa, na hapa Misima wanaonifahamu wanajua kwamba mimi na chai hatuachani kwa jambo dogo.

Kilichoniudhi ni hiki. Jana mjukuu wangu Mwanaidi alikuja kutoka Handeni mjini, akanipa simu yake nisome. Kumbe wazungu wameitengeneza tena sinema ya kile kitabu chao cha zamani, cha bwana mkubwa wa kwenye kasri, mchana analala ndani ya jeneza na usiku anatoka kunyonya watu damu. Vijana wa huku wameiona na wanaitolea maoni. Basi nikavaa miwani nikasoma, na mwanzoni nilicheka hadi kuku wakakimbia. Mmoja ameandika kwamba yule mnyonya damu anavaa vizuri kuliko wachumba wote wa wilaya hii. Mwingine analalamika sinema ni ndefu, amelala ikiwa katikati, ameamka bado wanapanda ngazi ileile. Mama mmoja anauliza mtu tajiri namna ile anakosaje taa nyumbani kwake. Maoni mazuri hayo! Sinema ni ya kutolewa maoni, na mimi mwenyewe ningeandika ya kujaza gunia.

Kisha nikamfikia kijana mmoja. Huyo ameandika mwenyewe, bila aibu, kwamba hakuimaliza. Ameona kipande tu. Amekikata kipande hicho, pale daktari anapomfunga kijana mkono na kumtoa damu, akakiweka peke yake na kuandika chini: "Mnaona? Mumiani wapo. Haya ndiyo yanafanyika hospitali. Msiende kuchangia damu." Chini yake watu wamemwagia mioyo myekundu na mikono ya kupiga makofi, wengi kama kumbikumbi baada ya mvua.

Na wiki hii hii gari la matangazo limepita mitaani likiomba watu wakachangie damu.

"Bibi," Mwanaidi akaniambia huku ananyang'anya simu yake, "hata mimi nilikuwa niende Jumatano. Sasa naogopa."

Hapo ndipo chai ilipopoa, mwanangu. Maana neno hilo, mumiani, mimi nimeliona likifanya kazi kwa macho yangu, na ilikuwa kwa sinema ya kitabu hicho hicho.

Wakati huo nilikuwa msichana, nauza maandazi stendi ya Korogwe asubuhi, jioni nakwenda shule ya usiku. Ndiyo, bibi yenu ni mhitimu wa shule ya usiku, na cheti changu kipo ukutani, anayetaka kukiona avue viatu aingie. Mwalimu wetu, Shemboza, alikuwa mtu wa Kwashemshi, anashuka mlimani kwa baiskeli isiyo na breki, na kila alipofika salama tulimpigia makofi. Huyo ndiye aliyetusomesha kile kitabu, kilichofupishwa kwa Kiingereza chepesi. Tulisoma ukurasa kwa ukurasa, neno gumu tunaliandika ubaoni, tunaligombania mpaka tulielewe. Kilitutisha! Nakwambia darasa zima tulianza kulala na vitunguu saumu chini ya mto, maana kitabuni mnyonya damu anaviogopa, hadi vikaadimika sokoni na wapika pilau wakatulaani.

Kwa hiyo niliposikia sinema ya kitabu hicho inaonyeshwa kwa Chombo, nilikwenda mbio.

Chombo alikuwa na banda la mabati nyuma ya soko, televisheni moja, deki moja ya mikanda na jenereta lililokohoa kuliko mgonjwa wa pumu. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya televisheni na kipaza sauti, kututafsiria. Sasa Kiingereza cha Chombo kilitosha kuagizia soda, tena soda yenyewe uinyooshee kidole. Lakini alikuwa na ulimi! Wazungu wakinong'ona maneno mawili, Chombo anakupa hotuba. Wakikaa kimya, yeye anaendelea. Tulimpenda kwa hilo. Kwenye sinema za ngumi hakuna aliyedhurika.

Siku hiyo yule bwana wa kasri alipojitokeza na meno yake, Chombo akashusha sauti: "Huyu, ndugu zangu, ndiye mumiani."

Waliokuwa wakimenya karanga wakaziacha. Mwanangu, wengi mle ndani tulikuwa watoto na wajukuu wa watu waliokuja kukata mkonge. Wazee wetu walitoka Songea, Kigoma, Njombe, hata ng'ambo ya Ruvuma, wakakaa makambini. Na makambini hadithi ya mumiani ilikuwa ya kila nyumba: mtu anakukamata, anakuning'iniza kichwa chini, anakukamua damu ikatengenezwe dawa ya kuuzwa mbali. Angesema "jini" tungecheka. Angesema "mzimu" tungepiga kelele za raha. Alisema mumiani, na sinema ikaacha kuwa sinema.

Ikafika sehemu ya daktari. Kitabuni, yule binti ameshanyonywa, amebaki mweupe kama unga wa muhogo, anakufa. Daktari anawatoa damu wanaume wanaompenda, anamwongezea, na binti anafumbua macho. Pale darasani, mahali hapo ndipo Mwalimu Shemboza alipofunga kitabu na kutuuliza, "Wewe ungempa nani?" Tulibishana hadi mlinzi akatufukuza.

Chombo hakuwa na habari hizo. Aliona sindano, akaona mpira unapitisha damu, akasimama. "Oneni! Oneni! Daktari naye yumo! Anajifanya anatibu, kumbe anamkamua kijana wa watu! Damu hiyo inapakiwa, inakwenda Ulaya!"

Nikasimama nami. "Chombo, sivyo! Anamwongezea yule dada!"

"Kaa chini wewe maandazi!" mtu akapiga kelele nyuma, na banda zima likacheka. Nikaketi, lakini masikio yalikuwa yamewaka moto.

Sinema ikaisha, tukamwagika nje kutoa maoni. Hakukuwa na simu, maoni yalitolewa kwa mdomo na kwa mate. Mshona nguo mmoja, Mzee Kilo, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuwa na nyama hata robo yake, akasifu joho la yule bwana: "Kitambaa kile huwezi kukipata leo, nakuapia." Hamisi, mdogo wake Chombo, utingo wa malori, akasema yeye angemmaliza yule mumiani kwa spana tu.

Palikuwa pia na kijana wa Kimasai wa Mazingara, anaitwa Lekishon, aliyeleta ng'ombe mnadani akaingia kupumzisha miguu. Wakamchokoza. "Lekishon, yule si ndugu yako? Nanyi mnakunywa damu!"

Lekishon akawaza kama mtu aliyeulizwa jambo la maana. "Yule hajui kazi," akasema. "Damu kidogo tu, anaua. Sasa kesho atakunywa nini? Halafu analala mchana kutwa. Ng'ombe wake nani anachunga?"

Tulicheka hadi tukashika ukuta. Hayo ndiyo maoni, mwanangu! Mtu ameangalia yote, amepima kwa maisha yake, amesema.

Katikati ya kicheko hicho akatokea Mama Anjelina.

Huyu alikuwa mama mkwe wa Chombo, mzazi wa mkewe Rehema. Mama mzito wa heshima, hajawahi hata kula chumba kimoja na mkwewe, wakikutana njiani kila mmoja anaangalia pembeni. Rehema alikuwa amepelekwa hospitali alfajiri kujifungua, Chombo akaambiwa kila kitu kinakwenda vizuri, ndiyo maana alifungua banda. Sasa mama mtu anakuja mwenyewe, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna.

"Mtoto amezaliwa," akasema. "Wa kike. Mzima." Watu wakaanza vigelegele, akawanyamazisha kwa mkono. "Mama yake damu haikomi kutoka. Wanataka watu wa kumwongezea, sasa hivi. Yangu wameikataa, wanasema nina upungufu na umri umekwenda."

Chombo akawa wa rangi ya yule binti wa kwenye sinema. "Twendeni!" akawageukia. "Hamisi! Jamani! Twendeni!"

Hakuna aliyeinua mguu.

Mwanangu, hawakuwa watu wabaya. Wengine walikuwa wamekula pilau ya harusi ya Rehema. Lakini niliwaona wakirudi nyuma, kila mtu akiutazama mkono wake kama anauaga. Hamisi, yule wa spana, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, si umetuambia mwenyewe sasa hivi?"

"Nimewaambia nini?"

"Kwamba madaktari nao wamo."

"Ile ni sinema, Hamisi!"

"Umesema *oneni*. Tumeona."

Chombo akataka kukimbia hospitali peke yake, Mama Anjelina akamzuia kwa kumshika shati, mama mkwe anamshika mkwewe shati, mwanangu, mbele ya watu!

"Chupa yako moja haitamtosha mwanangu. Jamani, amewaambia nini huyu?"

Mzee Kilo ndiye aliyejikaza. "Amesema daktari ni mumiani, mama."

Nilikuwa karibu naye. Nilimwona akifumba macho, na alipoyafumbua hakuwa mama mkwe tena, alikuwa simba. Simba wote wa mbuga zote hawana hasira ile.

"Mnamkumbuka mume wangu?" akasema. "Mnamjua kwa jicho lake moja, watoto wenu wanamwita chongo. Mnajua la pili lilikwenda wapi? Kambini walimkuta na ndoo ya maji mekundu. Mtu mmoja, mmoja tu, akasema neno hilo alilosema Chombo. Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyechungulia ndani ya ndoo. Walimpiga mawe mbele yangu, nina mimba ya huyu Rehema. Na ilikuwa rangi! Alikuwa anaosha brashi, amepaka rangi mabehewa ya mkonge tangu asubuhi!" Akamgeukia mkwewe. "Neno hilo lilichukua jicho la baba mkwe wako. Leo umelikabidhi kipaza sauti likamchukue mkeo?"

Chombo akakaa chini, pale pale kwenye mavumbi.

"Simama!" akamwambia. "Utalia baadaye. Kwani sinema hiyo ndivyo inavyosema?"

"Sivyo, Mama," nikadakia. Safari hii hakuna aliyeniambia nikae chini. "Tumekisoma kitabu chake shule ya usiku. Yule daktari anamwokoa binti."

Akanitazama, na sinia langu la maandazi kichwani. "Wewe unasoma usiku?"

"Ndiyo, Mama."

"Rudisha mkanda, Chombo."

Akatangulia kuingia bandani. Mama yule, na heshima yake yote, akapita katikati ya mabenchi na maganda ya karanga, akakitwaa kipaza sauti akanipa mimi. Watu wakamfuata kwa haya tu. Chombo anabonyeza deki, mkanda unarudi nyuma, watu kwenye kioo wanakimbia kinyumenyume, yule bwana anapanda ngazi kwa kisogo. Siku nyingine tungekufa kwa kucheka. Hakucheka mtu.

Akauachia mkanda pale kwenye sindano. Nikatafsiri. Sikutia chumvi hata punje, na wewe unanijua mimi na chumvi. Nikasema: "Huyu kijana ni mchumba wake. Daktari anamwambia, binti hana damu, anakufa, anahitaji ya mtu mwenye afya. Kijana anasema, chukua yangu yote. Daktari anasema, hapana, kidogo inatosha, nawe utabaki mzima. Sasa tazameni mashavu ya binti. Tazameni. Yanarudi."

Na kweli yakarudi, pale kwenye kioo chenye chenga, watu wote wakiyaona.

"Kumbe yule ndiye bwana harusi!" Mzee Kilo akasema.

"Lakini mbona mwanzo…" Hamisi akaanza, akamwangalia kaka yake, akainama.

Wakawa wameelewa, lakini woga haumtoki mtu kwa kuelewa tu. Walibaki wamekaa. Mama Anjelina anawatazama mmoja mmoja. Jenereta linakohoa.

Ndipo Lekishon akainuka mlangoni, akajifunga vizuri shuka lake. "Sisi nyumbani ng'ombe tunamtoboa mshipa wa shingo," akasema, "tunakinga kwenye kibuyu, tunamziba, anakwenda zake kula majani. Hata halali chini. Sasa mimi nitashindwa na ng'ombe?" Akamwinamia mama. "Yeyo," akamwita, yaani mama kwa Kimasai, "hospitali njia ipi?"

Mwanangu, kijana hakumjua Rehema wala ukoo wake. Walikuwa wametoka kumcheka sasa hivi kwa kunywa damu! Alipotoka, Hamisi akatoka. Mzee Kilo akatoka, tukamrudisha kwa nguvu, maana angetolewa damu yeye tungelazimika kumwongezea na yeye. Benchi likafuata benchi. Nami nikaweka sinia chini nikawafuata, na maandazi yangu sijui yaliliwa na nani hadi leo, Mungu anamwona.

Kama ni damu ya Lekishon iliyoingia kwa Rehema, au ya Hamisi, au yangu, nesi hakutuambia. Walitupima, waliolingana naye wakatolewa, damu ya wengine ikawekwa kwa ajili ya wagonjwa wengine. Ninachojua ni kwamba jua lilipokuwa linazama Mama Anjelina alitoka wodini na kandambili yake moja, akasema, "Ameomba uji." Kelele tulizopiga zilisikika Tanga mjini.

Rehema yupo mpaka leo, anauza mchele Korogwe, sauti yake inalishinda jenereta la mumewe. Na Chombo aliendelea na banda lake miaka mingi, lakini kwa namna nyingine. Wazungu wakisema asichokielewa, alikuwa anashusha kipaza sauti na kusema, "Hapa sijui wanasema nini. Tuangalie wote." Utashangaa, watu walimpenda zaidi.

Basi nimemsimulia hayo Mwanaidi jana, na sasa nakwambia wewe. Ipende sinema au ichukie. Sema joho baya, sema meno ya bandia, sema mwigizaji anatembea kama kaumwa na siafu. Ni haki yako, na nitumie nami nicheke. Lakini ukiwa umeona kipande, sema umeona kipande. Usipoelewa, sema kama Chombo, sijui, tuangalie wote. Hakuna aliyekufa kwa kutamka sijui. Usichukue kisu ukakata sinema, daktari anayeokoa ukamwacha na sindano tu, kisha ukamtundikia neno lililong'oa jicho la mtu. Kijana wa watu ameandika "msiende" akiwa amelala kitandani kwake, akala, akasahau. Hajui mwanamke gani leo amelala wodini, na mama yake anahangaika barabarani na kandambili moja! Hilo ndilo linaloniwasha. Nanyi mliompigia makofi bila kuuliza, mko naye. Waliompiga mzee mawe walikuwa wengi, aliyesema neno alikuwa mmoja.

Nilipomaliza, Mwanaidi akaniuliza, "Bibi, inauma?"

"Sindano ni kama kuumwa na sisimizi mwenye elimu," nikamwambia. Jumatano tunakwenda. Mimi umri umenikatalia kama ulivyomkatalia Mama Anjelina, lakini nitamshikia mkoba, na nikimkuta yule kijana mwandishi njiani nitamshikia sikio.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuangalia mpaka mwisho na ulimi unaojua kusimama. Damu yako iwe nzito na safi, ikutoshe wewe na ibaki ya kumpa mwingine. Na siku utakayolala wewe unaihitaji, Mungu awaketishe nje ya mlango wako watu wengi, wamekunja mikono ya mashati, wanagombania nani aanze. Amina.